Mtu Anayevunja Mboga Karibu na Sikio

Shangazi yangu alikuwa na watu mia na themanini na mmoja ndani ya kikombe cha kalamu. Walikuwamo wapishi, walinzi, wauguzi, wajane kadhaa, mwalimu mstaafu mwenye kisirani, na fundi cherehani mmoja ambaye ndiye aliyetumaliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuzaliwa. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani nakusimulia habari za tapeli. Shangazi hakuwa tapeli. Angekuwa tapeli ningeshamsahau zamani.

Alikuwa na duka la steshenari mkabala na lango la chuo. Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kaunta ya mbao iliyolika pembeni, kompyuta ya kuchapia, mashine ya kutoboa karatasi na kutia spairo, ule waya wa kushikia kurasa, na mashine ya fotokopi iliyotaka kupigwa kofi la ubavuni kila baada ya kurasa kumi na tano, la sivyo inatafuna karatasi. Wanafunzi walimwita Mama Spairo. Baba yangu, kaka yake wa tumbo moja, alimwita Karani tangu walipokuwa watoto, na hakuacha mpaka anaingia kaburini.

Kazi iliyomweka mjini haikuandikwa kwenye kibao cha nje. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hutumwa mtaani na madodoso, zile karatasi za maswali ya utafiti, akawaulize watu mia mbili. Jua ni kali, watu wana shughuli zao, na ukimsimamisha mtu sokoni kumuuliza kama "anakubali sana" au "anakubali kiasi" anakuona huna kazi ya kufanya. Basi mwanafunzi anarudi na ishirini, na yaliyobaki yanapikwa. Wenyewe ndivyo wanavyosema, kupika data. Mpishi alikuwa shangazi.

Na alikuwa mpishi kweli. Wazee aliwaandika kwa mkono wa kushoto. Wapagazi aliwaandikia juu ya goti, ili herufi ziruke. Mpishi wa hoteli alipata doa la mafuta kwenye pembe ya karatasi, mlinzi alipata kalamu inayokaribia kwisha wino. Alijua kwamba mtu wa kweli huchoka anapofika swali la kumi na nne, kwa hiyo baadhi yao aliwaachia njiani. Kuna mmoja alijibu "sijui" kila mahali, na shangazi alimpenda huyo kuliko wote. Alikuwa na sheria mbili asizozivunja: dodoso lisiwe na jibu lililofutwa, wala lisiwe na miandiko miwili. Lenye hayo mhadhiri analitupa, halihesabiwi. Mwandiko wake mwenyewe hakuutumia hata siku moja.

Mwandiko huo aliupata kwa baba. Baba aliacha shule darasa la tano ili yeye aendelee, na jioni alikuwa akimfundisha kuandika kwa msumari kwenye udongo, katikati ya matuta ya mboga, herufi zimelalia kulia na mikia mirefu. Shangazi alitaka ualimu. Aliukaribia, kisha mama yao akaugua, akatafutwa mtu wa kumuuguza, na katika nyumba ya watoto wawili, wa kiume akiwa shambani, unajua nani alipatikana. Alipokuja kufungua duka alikuwa ameshapita umri wa kurudi darasani, lakini nadhani kila mtu aliyemtunga alimpa kidogo ile shule aliyoikosa yeye. Hata mlinzi wake alikuwa na stashahada.

Siku moja akaja binti wa chuo aliyekuwa akifanya utafiti wa soko la mboga za kilimo hai, yaani zile zisizopigwa dawa wala kutiwa mbolea ya viwandani. Shangazi alimbandika jina la Asilimia, maana hakuweza kumaliza sentensi bila kuitaja. Alikuwa binti mpole, mwenye miwani, soli ya kiatu kimoja imeachia kwa kuzunguka sokoni. Wiki nzima alikuwa amepata watu kumi na tisa. Kati ya hao, kumi na wanne walimwambia kwamba mboga wanainunua kwa macho, jani likiwa na tundu wanapita, na bei ikipanda kidogo wanahamia meza ya pili. Mchuuzi mmoja alimfukuza, kwamba anaziba biashara ya watu. Asilimia alilia palepale kwenye kaunta, akafuta miwani kwa pindo la blauzi, kisha akaeleza anachotaka: wanane katika kila kumi wakubali. Mhadhiri wake aliamini sana kilimo hai, na hakuwa mtu wa kupelekewa habari mbaya.

Shangazi alijaza siku nne mfululizo. Siku ya nne alimfikia fundi cherehani, kidole kimeota sugu na kichwa kimekauka. Swali la tisa liliuliza: unatambuaje mboga nzuri? Akaandika jambo la kwanza lililomjia. "Navunja kikonyo karibu na sikio. Kikilia, nanunua." Bibi yangu ndiye aliyekuwa akifanya hivyo, kila asubuhi, kabla hajafunga fungu hata moja. Alikata jani la spinachi, akalipeleka sikioni, akavunja kikonyo chake kwa vidole viwili, na kama hakikulia, jani lilikwenda kwa ng'ombe. Shangazi alinieleza baadaye kwamba alicheka peke yake alipoandika. Alikuwa amemkumbuka mama yake, basi, hakuna zaidi.

Asilimia alifaulu vizuri. Ripoti ilitiwa spairo dukani kwa shangazi, jalada la kijani, na kurasa za nyuma zikaambatanishwa nakala za madodoso kumi ya mfano. La fundi cherehani lilikuwa la tatu. Chuo kikapeleka ripoti ofisi ya kilimo, ofisi ikampa bwana shamba, na bwana shamba, ambaye naye hakuwa mtu mbaya, akapanda pikipiki yake akaipeleka kwetu.

Kwetu ni mwendo wa nusu siku kutoka mjini, bondeni, kando ya mto. Baba alikuwa na vipande vitatu vya ardhi vilivyoshikana, na pampu ya maji aliyoipenda kuliko alivyonipenda mimi, au ndivyo nilivyokuwa nikimtania. Mama alikuwa ameshafariki. Tulikuwa wawili na mpango wetu ulikuwa mmoja: mboga zikitoka vizuri misimu miwili zaidi, mimi naingia chuo cha uuguzi. Baba alipiga dawa kama kila mtu bondeni, kwa kiasi, huku akiilaani harufu yake.

Bwana shamba aliwakusanya wakulima akawasomea. Asilimia themanini na mbili ya watu wa mjini wako tayari kulipa zaidi kwa mboga zisizo na dawa. Akasema anayetaka aache dawa shamba zima, msimu huuhuu, kwa sababu ukichanganya hakuna atakayekuamini. Wengi walimsikiliza kwa adabu, wakarudi makwao kuchanganya dawa. Baba aliomba kuazimwa ripoti. Baba alikuwa msomaji. Chochote chenye maandishi alikisoma mpaka mwisho, hata karatasi ya kufungia sabuni. Alikaa na ile ripoti siku tatu, akaruka majedwali asiyoyaelewa, akafika kwenye madodoso ya nyuma. Nilikuwa naosha vyombo aliponiita. Alikuwa ameweka kidole kwenye swali la tisa na machozi yanamlengalenga.

"Kumbe watu wa hivi bado wapo," alisema.

Kesho yake alifunga ripoti kwenye mfuko wa plastiki akaenda mjini, kwa mtu pekee aliyemjua anayeelewa makaratasi ya chuo. Mazungumzo yao nimeyapata kwa shangazi mwenyewe, naye ameyarudia kwangu mara nyingi mno, bila kujipunguzia wala kujiongezea, hivyo nayaamini. Duka lilikuwa tupu. Baba alikataa kiti. Alifungua ripoti kwenye ukurasa ule, akaigeuza juu ya kaunta ili dada yake asome.

"Karani, wewe unakaa na hawa watu. Huyu mtu yupo kweli?"

Shangazi aliuona mwandiko wa fundi wake, ule mnene, wa kalamu nyeusi. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa mkononi mwake. Sentensi moja ingetosha: kaka, huyo ni mimi. Angeaibika siku moja, labda wiki, na kaka yake angemtania kwa hilo mpaka uzeeni. Tungeendelea kupiga dawa kwa kiasi na kulaani harufu yake. Lakini alimwangalia usoni, na hakuwa amemwona akifurahi namna ile tangu mama yao azikwe. Tena ni mtu aliyeacha shule kwa ajili yake. Alishindwa kumwambia kwamba shule ile ilimfikisha kwenye kudanganya kwa kalamu.

"Yupo," alisema. "Namfahamu. Ana cherehani yake mtaa wa nyuma."

"Nipeleke nikamsalimie."

"Amesafiri, kaka. Amekwenda kumzika mkwewe."

Ona jinsi alivyokuwa hodari. Alimuua hata mkwe wa mtu asiyekuwapo, mradi uongo usimame.

Baba alirudi akagawa dawa yote iliyobaki kwa jirani wa upande wa juu, mwenye shamba kubwa, ambaye aliipokea huku akimtazama kama mtu anayeugua homa. Tulitia majivu kwenye mashina. Tulinyunyiza maji ya pilipili. Tulipanda vitunguu katikati ya kabichi, maana bwana shamba alisema wadudu wanachukia harufu yake. Wadudu wetu hawakuwa wameambiwa. Viwavi walikimbia mashamba yote yaliyopigwa dawa wakahamia kwetu, na tuliamka alfajiri kuwaokota kwa mkono, mmoja mmoja, tukiwatia kwenye kopo. Baba aliokota akiimba. Nakumbuka nilikuwa na furaha pia, na sasa naona aibu kuikumbuka.

Tukapeleka mboga mjini. Spinachi yetu ilikuwa na ladha ambayo sijaipata tena, naapa, na ilikuwa na matundu. Wanunuzi waliinua jani wakalielekeza kwenye mwanga, jua likapenya, wakaliweka chini. Mama mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, kama tunauza chakula cha sungura. Meza ya jirani mboga ziling'aa bila doa, na zilikwisha kabla ya saa nne. Baba aliwaeleza watu habari za kilimo hai, akawaonyesha lile jalada la kijani, akawatajia asilimia themanini na mbili, mpaka mchuuzi mmoja akaanza kumwita Bwana Utafiti na soko zima likalidaka jina hilo. Alilicheka pamoja nao. Mizigo tulirudi nayo, na ng'ombe wa watu wengine walishiba.

Huo ulikuwa msimu wa kwanza. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi, na katikati yake, tukiwa hatujauza hata robo, baba alisema twende tukamtafute fundi cherehani. Kwa hesabu zake, mtu mmoja anayejua mboga akipatikana, atatueleza wenzake wako wapi. Hakutaka kumsumbua shangazi kwa jambo dogo kama hilo, mtaa aliambiwa na cherehani aliambiwa. Tulichagua fungu moja la spinachi, bora kuliko yote, la kumpelekea kama zawadi.

Mafundi wa mtaa wa nyuma walikuwa saba. Kwa kila mmoja baba alisalimia, akangoja mguu uache kukanyaga cherehani, akauliza kwa adabu kama yeye ndiye anayevunja mboga karibu na sikio. Wa kwanza alidhani anategewa kitendawili. Wa tatu alicheka mpaka akajichoma sindano. Mwingine aliuliza kama tunamtafuta mganga. Nilikuwa nyuma ya baba na lile fungu mkononi, nikiomba ardhi inimeze. Wa saba alikuwa mzee wa miwani, mtaratibu, aliyetukaribisha benchi. Alisema amekaa mtaa ule miaka thelathini, anawafahamu mafundi wote walio hai na waliokufa, na mtu wa namna hiyo hajawahi kuwapo. Baba alimshukuru. Alimwachia ile spinachi, akakaa pale benchi kidogo, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri nguo yake imalizwe.

Kutoka pale tulikwenda dukani kwa shangazi. Baba aliomba maji. Aliyanywa amesimama, anakiangalia kile kikombe cha kalamu: za buluu, nyeusi, nene, nyembamba, moja imezungushiwa utepe wa gundi. Shangazi alikuwa akitia spairo ripoti ya mtu na hakuinua kichwa. Nilingoja baba aulize habari za fundi. Hakuuliza. Alisema mawingu ya mwaka huu hayaeleweki, akarudisha bilauri kwenye kaunta, akasema, "Karani, kula vizuri, umekonda." Nikadhani amesahau.

Msimu wa tatu hatukuufikia. Pampu iliuzwa. Vipande vya ardhi vilikodishwa kwa yule jirani wa juu, na baba akaajiriwa na jirani huyohuyo kupiga dawa. Nataka uelewe vizuri, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda: alibeba bomba mgongoni akapuliza dawa kwenye matuta yake mwenyewe, yaleyale tuliyookotea viwavi kwa mkono tukiimba. Kinga yake ilikuwa kitambaa cha mdomoni. Bomba lilivuja likalowesha mgongo wa shati, na kila nilipolifua shati lile vidole vyangu viliwasha siku nzima. Nilimwambia aache. Aliniuliza aache afanye nini.

Habari ya uuguzi ilikufa kimyakimya, hakuna aliyeitangaza. Nilikwenda mjini kumsaidia shangazi dukani, nikajifunza kuipiga fotokopi kofi la ubavuni. Kila mwezi nilipokwenda kumwona baba nilimkuta amepungua. Mikono ilianza kutetemeka. Macho yalichuruzika bila yeye kulia, na alikuwa akiyafuta kwa mkono uleule wa dawa.

Mwaka wa pili wa kukaa kwangu dukani ndipo shangazi aliponiambia. Ilikuwa mchana, umeme umekatika, hakuna mteja. Nilikuwa nimetoka kumweleza kwamba baba sasa hawezi kufunga vifungo vya shati lake. "Yule fundi cherehani nilimtunga mimi," alisema. Kisha akaeleza yote, tangu Asilimia alivyolia hadi yule mkwe aliyezikwa, kwa sauti ileile ya kusomea risiti. Nilichukua kile kikombe nikakirusha nje, kalamu zikasambaa barabarani na wanafunzi wakazikanyaga. Nilikaa siku tisa bila kumsemesha, na tunalala chumba kimoja. Nilimchukia. Nilimwona akiamka mapema kunichemshia chai ambayo alijua sitainywa, na nikamchukia hata kwa hiyo chai.

Siku ya kumi nilikwenda kwa baba nimepania kumwambia. Nilimkuta mlangoni, amekalia kigoda. Nilianza kuzunguka mbuyu, nikataja ripoti, nikataja chuo, na yeye akanikatiza.

"Waliokuwa wanavunja mboga hivyo, baada ya mama, tulibaki wawili," alisema. "Nilijua siku ile, pale kwa yule mzee wa miwani."

Nikamuuliza kwa nini hakumkabili dada yake, siku ileile, palepale dukani, bilauri iko mkononi.

"Nimwambie nini? Nikishamwambia, nabaki na dada gani?"

Akaniapisha nisimwambie shangazi kwamba anajua. Atakuja mwenyewe kusema, alisema, tumpe muda. Alilisema kwa uhakika mkubwa, naye ndiye mtu aliyekuwa na muda mchache kuliko sisi sote. Kwa hiyo nikakaa katikati yao na mdomo umefungwa. Huku shangazi ananiambia kila wiki kwamba Jumapili anakwenda kwa kaka yake kumwambia. Kule baba, kila nikienda, ananiuliza kama Karani hajasema anakuja lini. Jumapili zilifika. Mara kuna ripoti za watu za kutia spairo, mara kichwa kinauma, mara mvua. Alishona hata nguo ya safari hiyo, ya kijivu, ikawa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilimsukuma, nilimbembeleza, mara moja nilimtukana. Alisema Jumapili.

Baba alifariki siku ya Jumanne, asubuhi. Daktari alitaja figo. Hakusema ni dawa wala hakusema si dawa. Alijaza fomu yake akaenda kwa mgonjwa mwingine. Shangazi alikuja kuzika amevaa ile nguo ya kijivu. Alilia mpaka wanawake wawili wakamshika, na watu wakasema dada alimpenda sana kaka yake. Ilikuwa kweli, na sikuvumilia kuisikia. Nilitoka nikaenda kusimama karibu na mto.

Wiki ya tatu baada ya mazishi akaja dukani mwanafunzi wa kiume mwenye begi jipya. Utafiti wake ulihusu sababu za wakulima kuacha kilimo hai. Alikuwa amekwenda bondeni mwezi mmoja kabla, akapata wakulima kumi na wawili, na mhadhiri alitaka sitini. Akamwomba Mama Spairo amsaidie hao arobaini na wanane. Kikombe cha kalamu kilikuwepo kwenye kaunta, kipya. Tangu nitupe kile cha kwanza alikuwa amenunua kingine, na mimi nilikuwa nimejitia hamnazo. Shangazi akaomba kwanza ayaone yale kumi na mawili ya kweli, kama kawaida yake, ili ajue watu wa huko wanajibu vipi. Akawa anayapekua, analamba kidole, anapekua. Kwenye la sita akasimama.

Nilimwona akisimama nikasogea. Herufi zilikuwa zimelalia kulia, mikia mirefu, zote zinatetemeka. Jina halikuwa lazima, hakuliandika. Ukubwa wa shamba: sina kwa sasa. Sababu ya kuacha: wanunuzi hawakupatikana. Swali la kumi na moja liliuliza ni nani aliyekushauri kuingia kilimo hai, na kulikuwa na visanduku vya kuweka alama: bwana shamba, jirani, ndugu, mwingine. Vyote viliachwa vitupu. Pembeni baba alikuwa ameandika, polepole, unaona kalamu ilivyokuwa ikipumzika katikati ya maneno: "Hakuna mtu. Niliamua mwenyewe."

Shangazi alisoma mara ya pili. "Lakini aliniuliza mimi," akasema. "Alisahau?"

Kiapo changu kilikuwa kwa mtu ambaye sasa yuko chini ya udongo, na nilikuwa nimechoka.

"Hakusahau, shangazi. Alijua. Tangu ile siku aliyokuomba maji."

Hakulia. Alikaa akiitazama karatasi, na mwanafunzi akaanza kuangalia saa yake. Kisha shangazi akachukua kalamu, ya kwanza iliyogusa mkono, hakuchagua. Alipiga mstari juu ya jibu la baba. Akaweka alama kwenye kisanduku cha ndugu, na chini yake akaandika: "Ni dada yangu. Nilimuuliza, akaniambia yupo." Aliandika kana kwamba ni baba anayesema, kwa sababu maisha yake yote hakujua kujibu dodoso kwa namna nyingine.

"Mama, mbona umefuta?" mwanafunzi alisema. "Hili sasa halihesabiwi."

"Najua, mwanangu."

"Na hawa arobaini na wanane?"

Shangazi alisukuma yale kumi na moja kwake, akamwambia kuna duka jingine ng'ambo ya barabara, wanajaza vizuri. Kijana aliyahesabu, akayatia kwenye begi, akaliacha lile moja kwenye kaunta akavuka. Kabla hatujafunga duka tulimwona akitoka kule na bahasha nene kwapani.

Nimelikalia lile dodoso muda mrefu nikiliangalia. Mwandiko wa juu, chini ya mstari wa kufutia, unatetemeka. Wa chini umetulia. Lakini herufi ni zilezile, zimelalia kulia, mikia mirefu, shangazi alivyofundishwa kwa msumari kwenye udongo. Sikuwahi kuuona mwandiko wake halisi kabla ya hapo. Mtu asiyetujua akiipata karatasi ile atadhani ni mtu mmoja aliyejibu, akafikiri kidogo, akajisahihisha.